Siku 80 za jani linaloelea: jenomu iliyojirudufu, vijidudu na ushindani wa mimea

Msafiri wa simulizi hii ni mmea usiozidi ukubwa wa ukucha: Spirodela polyrhiza. Huelea juu ya maji yaliyotulia. Hauna shina, na kile tunachokiita jani si jani kamili, bali ni kibapa kimoja cha kijani kinachofanya kazi ya shina na jani kwa pamoja. Safari yake inaanza bwawani na kuishia kwenye chupa 120 ndani ya chumba cha taa. Njiani unavuliwa vijidudu vyake, jenomu yake, yaani DNA yake yote, inarudufiwa kwa mpigo, kisha unarudishiwa vijidudu. Tunataka kujua jambo moja: je, mmea wenye seti nne za kromosomu unaushinda mmea wenye seti mbili, na jibu linabadilika vipi vijidudu vikiwepo?

Kila siku iliyoandikwa hapa ina sababu yake. Ukiiruka, mwishoni utakuwa na takwimu nzuri zisizojibu swali.

Siku ya 1. Bwawani

Hakikisha kwanza umeokota mmea wenyewe, maana una ndugu wanaofanana naye. Geuza jani chali kiganjani. Spirodela ina kishada cha mizizi, kwa kawaida saba au zaidi, na tumbo lake mara nyingi ni zambarau. Lemna ina mzizi mmoja. Wolffia haina mzizi hata mmoja na inaonekana kama punje ya unga mbichi. Ndoo moja ya maji ya bwawa inaweza kuwa na wote watatu, na Lemna mmoja aliyejificha chini ya jani la Spirodela atajaza chupa yako kabla ya mwezi kwisha.

Mmea huu huzaana kwa kuchipua. Jani mama lina mifuko miwili ubavuni, na kila mfuko hutoa binti ambaye ni nakala yake. Kwa hiyo bwawa zima linaweza kuwa ukoo mmoja, hata kama lina majani milioni. Chukua majani kwenye mabwawa manne yaliyo mbalimbali, na uyahesabu kama koo nne. Jaribio la ukoo mmoja linakupa habari za ukoo huo tu. Matokeo mengi yanayogongana kuhusu poliploidi, yaani kuwa na seti zaidi ya mbili, huenda yanatokana na hapa: ukoo huu unafaidika na kurudufiwa, ule unaumia, na wote wawili wanasema kweli.

Pima joto la maji na pH, andika. Maji ya vijidudu hayachukuliwi leo. Yakikaa chupani wiki nane, jamii ya bakteria iliyomo inakuwa nyingine kabisa.

Siku ya 2. Kuvua vijidudu

Suuza majani kwa maji yaliyochemshwa, toa vidukari na konokono wadogo kwa kibano. Tayarisha hipokloriti ya sodiamu ya asilimia 0.5 pamoja na tone moja la Tween-20, aina ya sabuni, kwa kila mililita 50, ili dawa ishike kwenye ngozi ya jani ambayo kwa asili hukataa maji. Usichague muda mmoja. Gawa majani kwenye mafungu ya dakika 1, 2, 3, 4 na 5, kila fungu majani 20, kisha suuza mara tatu kwenye maji safi ya otoklevu, chungu cha mvuke kinachoua vijidudu.

Kila jani liende kwenye kisima chake kidogo chenye mchanganyiko wa Hoagland (maji ya virutubisho vya mimea) wa nusu nguvu, uliotiwa sukari ya asilimia 0.5. Mmea hauhitaji sukari hiyo sana. Tunaitia iwe mtego: bakteria yeyote aliyebaki ataila na kuyafanya maji yawe ukungu.

Siku ya 3 hadi ya 13. Kungoja

Kufikia siku ya 4 majani mengi ni meupe kama karatasi. Usiyatupe. Angalia pale mifuko inapoanzia: kama kuna nukta ya kijani iliyo ndogo kuliko kichwa cha sindano, binti yu hai ndani, amekingwa na mwili wa mama yake. Baada ya siku tano au sita atatokeza. Fungu la dakika 1 huwa limejaa ukungu, la dakika 5 limekufa lote, na wale unaowataka wako katikati.

Ukungu wa siku ya 3 ni rahisi kuuona. Unaosumbua ni ule wa siku ya 10, wa bakteria wanaokua polepole. Kwa hiyo kila jani lililopona ligusishwe kwenye sahani ya agari, chakula cha kuoteshea bakteria, na kuachwa siku saba. Hata hapo kuna bakteria wasioota kwenye agari, ndiyo maana tunathibitisha kwa PCR (njia ya kunakili kipande cha DNA) ya jeni ya 16S, ambayo kila bakteria anayo. Tahadhari: kloroplasti nayo ina 16S yake, kwa sababu asili yake ni bakteria. Ukitumia praima za kawaida, yaani vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha unakili, mmea safi kabisa utatoa mstari kwenye jeli na utadhani umeshindwa. Tumia praima 799F, iliyoundwa ili isishike kloroplasti.

Chumba kiwe na joto la nyuzi 24 na mwanga saa 16 kwa siku.

Siku ya 14 hadi ya 16. Kolkisini

Seli inapojiandaa kugawanyika hunakili DNA yake kwanza. Kisha nyuzi za mikrotubuli huvuta nakala moja upande huu na nyingine upande ule. Kolkisini, sumu inayotoka kwenye mmea Colchicum autumnale, hushika tubulini, yaani tofali zinazojenga nyuzi hizo, na nyuzi zisijengeke. Nakala zipo tayari ila hakuna kinachozivuta, na seli inabaki nazo zote. Spirodela yenye kromosomu 40 inakuwa na 80. Njia hii ilielezwa na Blakeslee na Avery mwaka 1937, na hadi leo bado inatumika.

Tubulini ya mimea hushikana na kolkisini kwa ulegevu kuliko ya wanyama. Matokeo yake ni mawili: mmea unahitaji dozi kubwa, na dozi hiyo inaweza kumuua anayeishika. Vaa glavu na miwani, pima unga ndani ya kabati lenye kifyonza hewa, na mabaki yaende kwenye chombo cha taka za sumu. Yasimwagwe sinki hata tone.

Tengeneza asilimia 0.05, 0.1, 0.2 na 0.5. Asilimia 0.2 ni gramu 0.2 kwa mililita 100. Ongeza DMSO, aina ya kiyeyushi, ya asilimia 1 kusaidia dawa kupenya. Funga vyombo kwa karatasi ya alumini, kwa sababu mwanga huivunja kolkisini, na huenda baadhi ya waliosema "haikufanya kazi" waliiacha chini ya taa. Loweka majani machanga, yale ambayo binti ndiyo kwanza anaanza kuonekana, kwa saa 24 au 48. Dozi inayofaa kwa kawaida ni ile inayoua karibu nusu ya majani. Ikiwa yote yamepona, huenda hakuna kilichorudufiwa.

Weka pia majani kwenye maji yenye DMSO bila kolkisini. Hawa ni diploidi, yaani wenye seti mbili, ambao hawakuguswa na sumu, na thamani yao itaonekana mbele.

Siku ya 17 hadi ya 44. Mama, binti, mjukuu

Hii ndiyo sehemu ndefu, na ndiyo inayoamua kila kitu.

Suuza majani mara nne na kuyatenga, jani moja kwa kisima. Kwa siku kumi za mwanzo utaona majani yaliyopinda, mengine mazito yenye kingo zilizokunjamana. Watu hufurahi wakidhani wameiona tetraploidi, yaani mmea wa seti nne. Hayo ni majeraha ya sumu, na mengi yatatoa mabinti wa kawaida wenye seti mbili.

Tatizo la pili ni mchanganyiko ndani ya mwili mmoja. Ndani ya mfuko wa mama kuna binti, na ndani ya binti mchanga tayari kuna chanzo cha mjukuu. Kolkisini inakamata seli zilizokuwa zikigawanyika wakati huo tu. Jani moja linaweza kuwa na upande wa kushoto wenye seti nne na wa kulia wenye seti mbili, na mfuko wa kila upande utatoa ukoo wake. Kwa hiyo kila binti akijitenga anahamishwa kisima kipya, na namba yake inaonyesha ametoka mfuko upi: 14-K kwa kushoto, 14-L kwa kulia, kisha 14-KL na kuendelea. Siku 28 zinatosha vizazi saba au nane. Tusingependa kupima chochote kabla ya hapo, hata kama saitometa, mashine ya kupima DNA, iko wazi. Athari za sumu kwa mama hupita kwa mabinti kadhaa, na kipimo cha mapema kitaziita athari za jenomu.

Katika siku hizi za kuhamisha majani, inafaa kukumbuka kwamba asili hufanya kazi hii bila kolkisini. Ngano ya mkate ina seti sita, kromosomu 42. Viazi mviringo vina seti nne, kromosomu 48, na stroberi ya bustani seti nane, 56. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2009 yanasema asilimia 15 ya matukio ya kuzaliwa spishi mpya za mimea ya maua yaliandamana na kuongezeka kwa seti, na kwa kangaga ni asilimia 31. Kwenye fukwe za tope za Uingereza, mwishoni mwa karne ya 19, nyasi ya kienyeji ilichavushana na jamaa yake kutoka Amerika, mtoto akazaliwa tasa, kisha jenomu yake ikajirudufu na Spartina anglica ikapatikana. Nyasi hiyo mpya, yenye rutuba, ilifunika tope ambalo wazazi wake wote wawili hawakuweza kulimiliki.

Spirodela yenyewe imepita njia hii. Jenomu yake, iliyosomwa yote mwaka 2014, inaonyesha alama za marudufu mawili ya kale, takriban miaka milioni 95 iliyopita. Hata hivyo leo ina herufi milioni 158 tu za DNA na jeni zisizofika 20,000, pungufu ya mimea mingi iliyosomwa. Ilirudufu, kisha kwa mamilioni ya miaka ikaangusha nakala ilizokuwa haizihitaji. Kwa hiyo tetraploidi mpya iliyo kisimani ipo kwenye saa yake ya kwanza kabisa, na ushindi au kushindwa kwa saa hiyo ndiko kunakoamua kama hayo mamilioni ya miaka yatakuwepo.

Kwa mimea inayozaana kwa mbegu saa hiyo ni ngumu zaidi. Mtafiti Levin alieleza mwaka 1975: tetraploidi mmoja katikati ya diploidi wengi hupata chavua ya diploidi karibu kila mara, na mbegu zinazotokea zina seti tatu na mara nyingi ni tasa. Wachache wanafutwa kwa sababu ya uchache wao tu. Spirodela, kwa kuchipua, inakwepa mtego huo. Ndiyo maana tumeichagua: kinachobaki kupimwa ni ukuaji na ushindani bila mkanganyiko wa uchavushaji.

Siku ya 45. Saitometa

Mashine hii hupitisha viini vya seli kimoja kimoja mbele ya leza na kupima mng'ao wa rangi iliyoshika DNA.

Chukua majani matatu hadi matano, weka kwenye sahani iliyo juu ya barafu, tia mililita 1 ya bafa ya LB01, maji yanayolinda viini. Katakata kwa wembe mpya kwa sekunde 30 hadi 60. Wembe butu huponda, na viini vilivyopondwa vinaonekana kwenye kioo kama mteremko wa takataka unaofunika kila kitu. Chuja kwa wavu wa mikromita 30. Tia kimeng'enya cha kukata RNA, mikrogramu 50 kwa mililita, na propidiamu ayodaidi kwa kiasi hicho hicho. Rangi hii hushika RNA pia, hivyo bila kimeng'enya vilima vya grafu ya mng'ao vinapanuka na kuhama. Acha gizani juu ya barafu dakika 10, kisha soma angalau viini 5,000. Upana wa kilima, yaani mgawo wa tofauti, usizidi asilimia 5.

Sasa angalia kioo kwa makini. Weka kilima cha diploidi kwenye alama ya 100. Hicho ni kiini chenye takriban pikogramu 0.32 za DNA. Kuna kilima kidogo kwenye 200, nacho si tetraploidi: ni seli za diploidi zilizokwisha kunakili DNA na zinangoja kugawanyika. Tetraploidi halisi ina kilima kikubwa kwenye 200, kidogo kwenye 400, na mahali pa 100 pako tupu. Ukiona 100, 200 na 400 kwa pamoja, hilo ni jani la mchanganyiko, rudisha kisimani utenge vizazi zaidi. Kwa uhakika wa mwisho katakata jani la diploidi na linaloshukiwa pamoja kwenye tone moja. Vilima viwili vikubwa vikisimama kando kando kwa uwiano wa moja kwa mbili, hakuna ubishi, kwani kemikali za mmea zinazozuia rangi zimewagusa wote sawa.

Hapa makundi matatu yanapatikana. Diploidi wasioguswa. Diploidi waliopita kwenye kolkisini na kubaki diploidi. Tetraploidi. Mshindani sahihi wa tetraploidi ni kundi la pili. Kundi la kwanza hulinganishwa na la pili peke yao, kuonyesha kama sumu bado inadai. Ukipeleka kundi la kwanza kushindana na la tatu, utakuwa umechanganya mambo mawili na hakuna hesabu itakayoyatenganisha.

Siku ya 46 hadi ya 55. Kuzidisha

Chupa 120 za ukoo mmoja zinahitaji tetraploidi 600. Kutoka kwenye akiba ya 100, kwa mwendo wa kuongezeka maradufu kila siku tatu hadi nne, ni siku nane hadi kumi. Kutoka siku ya 50 ondoa sukari, la sivyo bakteria wa bwawani watakuta karamu isiyokuwepo porini.

Pima seli za walinzi wa stomata (matundu ya jani ya kupitishia hewa) kwa hadubini, 30 kwa kila ukoo. Za tetraploidi ni ndefu zaidi na zimetawanyika zaidi. Kipimo hicho ni cha haraka, lakini kisitumike peke yake kuhukumu idadi ya seti.

Kuhusu ukubwa wa seli kuna hesabu inayofaa kushikwa. Ujazo wa seli ukiwa maradufu bila umbo kubadilika, uso wake unaongezeka mara 1.59 tu, na uwiano wa uso kwa ujazo unashuka hadi asilimia 79 ya ule wa mwanzo. Virutubisho huingia kupitia uso. Zaidi ya hayo, kila herufi ya DNA ina fosforasi na naitrojeni, na sasa kila seli inadai herufi maradufu. Ndiyo maana tetraploidi wapya huwa na majani makubwa lakini mara nyingi huzaa polepole. Upande wa faida, utafiti wa mwaka 2013 kwenye Arabidopsis ulionyesha kwamba mimea yenye seti zaidi hukusanya potasiamu zaidi majanini na kuvumilia chumvi vizuri zaidi.

Siku ya 56 na ya 57. Vijidudu

Rudi bwawani, chukua lita 2, zihifadhiwe nyuzi 4 na zitumike kabla ya saa 48. Pitisha kwenye chujio la mikromita 3 kuondoa mwani na wanyama wadogo wanaokula bakteria. Kusanya bakteria kwa mashine ya kuzungusha, suuza, wachanganye tena kwenye maji ya virutubisho. Gawa mara mbili: nusu hai, nusu iuawe kwenye otoklevu, nyuzi 121 kwa dakika 20. Bakteria waliokufa hupasuka na kuachia fosforasi na naitrojeni zao, kwa hiyo fungu la wafu ni mbolea kidogo. Weka chupa chache za ziada zenye maji yaliyopita chujio la mikromita 0.2, yasiyo na wazima wala wafu, ili athari ya mbolea hiyo ionekane.

Kwa nini bakteria wabadilishe ushindani? Mizizi na tumbo la jani hutoa sukari na asidi za amino, na wanaokula humo wengine hulipa. Acinetobacter calcoaceticus P23, aliyetolewa kwenye mizizi ya jamii hii, huharakisha ukuaji wa Lemna. Wengine hutengeneza homoni ya oksini, wengine hukata fosforasi kutoka kwenye mabaki ya viumbe na kuiweka mahali mzizi unapoifikia. Sasa unganisha na hesabu ya uso kwa ujazo: mmea wenye deni kubwa la fosforasi na uso mdogo wa kuinyonya ndio wenye sababu zaidi ya kunufaika na mkopeshaji. Na pia ndio wenye sababu zaidi ya kuumia wakija bakteria wanaonyang'anya. Kwenye lusini, mmea wa malisho wa jamii ya kunde, tetraploidi wa kutengenezwa walitoa vinundu vya mizizi vikubwa zaidi na eneo kubwa zaidi la kukamata naitrojeni kuliko diploidi, kwa aina zote mbili za bakteria waliojaribiwa. Mwenyeji akibadilisha umbo, mgeni anapata nyumba nyingine.

Siku ya 58. Chupa

Kwa kila ukoo: mchanganyiko wa namna tano wa diploidi na tetraploidi (10:0, 9:1, 5:5, 1:9, 0:10), vijidudu hai au waliouawa, maji ya kawaida au yenye chumvi ya milimola 50, yaani gramu 2.9 kwa lita. Marudio sita. Jumla chupa 120. Kila moja mililita 100 za Hoagland ya sehemu moja ya kumi. Usitumie nusu nguvu hapa. Maji yakiwa na virutubisho tele, mmea hauhitaji msaada wa yeyote na athari ya vijidudu inazama.

Majani yote yawe ya umri mmoja, yaliyojitenga na mama siku hiyo au jana yake. Jani zee lililobakiza mabinti wawili tu na jani changa lenye mabinti kumi mbele yake si sawa, hata kama yanafanana machoni.

Siku ya 59 hadi ya 78. Kuhesabu

Piga picha kila siku ya tatu kutoka juu, kwa urefu ule ule, na upime eneo kwa programu ya ImageJ. Hamisha chupa mahali kila mara, kwani ncha za rafu zina mwanga pungufu. Ongeza maji safi hadi kwenye mstari. Kila siku ya saba badilisha nusu ya maji.

Mwendo wa ukuaji ni tofauti ya logi asili za idadi, kugawa kwa siku. Majani 10 yakiwa 80 baada ya siku 9: 2.08 kugawa kwa 9 ni 0.23 kwa siku, yaani maradufu kila siku tatu. Pima idadi na eneo pamoja. Tuseme mdomo wa chupa una kipenyo cha sentimita 7, sawa na sentimita za mraba 38, na jani la diploidi linachukua 0.33. Uso unajaa kwa majani kama 115. Tetraploidi wenye eneo lililozidi kwa asilimia 20 wanaujaza kwa 96. Anayeshindwa kwa idadi anaweza kuwa anashika nusu ya uso, na kwenye maji yaliyojaa, uso ndio mwanga.

Dalili za kuangalia: rangi ya manjano kwa majani yote ni naitrojeni kuisha. Chupa inayopungua ghafla huenda haifi. Fosforasi ikipungua Spirodela hutengeneza turioni, vichipukizi vya akiba vyeusi-kijani vilivyojaa wanga, vinavyozama chini. Vihesabiwe. Aliyezama msimu huu ndiye atakayeelea wa kwanza msimu ujao.

Siku ya 79. Mavuno

Kwa macho huwezi kuwatenga diploidi na tetraploidi kwenye chupa ya mchanganyiko kwa uhakika. Chukua majani 30 bila kuchagua na uyasome moja moja kwenye saitometa. Kukatakata chupa nzima pamoja ni haraka, lakini kilima cha 200 kinabeba watu wawili, kwa hiyo njia hiyo inahitaji mstari wa rejea uliotengenezwa kwa michanganyiko ya uwiano unaojulikana.

Mizizi ya majani mengine matano isuuzwe na igandishwe nyuzi 80 chini ya sifuri kwa kusoma 16S. Soma pia chupa za vijidudu waliouawa. Kama humo kuna jamii kamili ya bakteria, chupa hiyo inatolewa kwenye hesabu, hata kama matokeo yake yanapendeza.

Siku ya 80. Hesabu

Kwa kila chupa ya mchanganyiko, gawa uwiano wa tetraploidi kwa diploidi wa mwisho kwa ule wa mwanzo, chukua logi asili, gawa kwa siku 21. Mfano wa kuonyesha hesabu: tetraploidi walianza nusu, wakamaliza asilimia 30. Logi ya 0.43 ni −0.85, kugawa kwa 21 ni −0.04 kwa siku. Wanasukumwa nje. Sasa tuseme kwenye chupa ya 9:1, walipoanza asilimia 10, wamefika 14: ni +0.018 kwa siku. Mkiwa wachache mnapanda, mkiwa wengi mnashuka. Hapo aina mbili zinaweza kukaa pamoja, na chupa ya 5:5 peke yake ingekudanganya kwamba tetraploidi anatoweka.

Soma ishara hizi kwa kila ukoo, kwa kila maji, vijidudu hai dhidi ya waliouawa. Kinachotafutwa ni mahali ambapo alama ya kujumlisha na ya kutoa inageuka kwa sababu ya vijidudu pekee. Ikigeuka kwa ukoo mmoja kati ya minne, iandikwe hivyo.

Siku ya 81 na kuendelea

Bakteria waliokaa kwenye mizizi ya tetraploidi na wale wa diploidi huenda sasa ni jamii mbili tofauti. Ili kujua kama tofauti hiyo ina kazi au ni pambo, waondoe kwa kutikisa mizizi kwenye bafa, walinganishe wingi, kisha uwabadilishe: wa tetraploidi wapewe diploidi safi, wa diploidi wapewe tetraploidi safi, na makundi mengine mawili yarudishiwe wa kwao. Majani 10, mililita 100, marudio sita. Kuhesabu kunaanza siku ya 84.